Mshikio wa Vidole Vitatu

Mishikio mitatu ya dukani ilikuwa imepangwa mezani kando ya sufuria ya uji mzito wa mahindi, na hakuna aliyekuwa anakula. Tymish aliiagiza kwa simu akiwa bado hospitalini, kila mmoja kutoka duka lake, na yote ilifika posta ya mji wa Kosiv siku moja, imefungwa vizuri kama zawadi za harusi. Mshikio ni ile sehemu ya bunduki inayokaa kiganjani, nyuma ya kifyatulio. Kwenye bunduki za jeshi lao umekazwa kwa skrubu moja ndefu tu, na askari mwenye hela kidogo huutoa ule wa kiwandani akatia anaoupenda. Wengi hufanya hivyo kwa mbwembwe. Tymish alikuwa na sababu. Mwezi wa Agosti droni ilimdondoshea guruneti, na mkono wake wa kulia ukabakiwa na dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Viwili vya mwisho viliachwa huko huko, pamoja na ukingo wa kiganja.

Bunduki yake mwenyewe ilikuwa kikosini, kwa hiyo walifanyia majaribio ile ya shule. Mwalimu Stefania, anayefundisha somo la ulinzi sekondari, aliwaazima ya darasani, ambayo watoto huifungua na kuifunga kwa kupimwa saa. Mtutu wake umetobolewa ubavuni na haiwezi kumuua hata nzi. Ilikuwa imelala magotini mwa mzee Onufri, baba yake Paraska, mke wa Tymish, na mzee ndiye aliyekuwa akikaza na kulegeza skrubu.

Mshikio wa kwanza ulikuwa wa mpira, mnene, na kidole cha shahada hakikufika kwenye kifyatulio mpaka Tymish aupinde mkono wote. Wa pili ulikuwa na mifereji minne, kila kidole na mfereji wake. Tymish aliutia kiganjani akautazama kwa muda.

"Huyu fundi hajawahi kukosa kidole," akasema. "Baba, hivi vyumba viwili vya chini nimpangishe nani?"

"Mpangishe askari mwenzako," Paraska akamjibu, akiondoa sufuria mezani. "Si ndio unaopenda kuishi nao."

Tymish akacheka peke yake. Mshikio wa tatu ulikuwa mwembamba, wa plastiki ngumu, na huo alidhani ungefaa, mpaka Onufri alipoupiga mtutu kwa kiganja kutoka mbele, kuiga teke la risasi. Bunduki nzima ikazunguka mkononi mwa Tymish kama samaki. Akaiweka mezani taratibu, akamgeukia baba mkwe wake na kumwomba lile ambalo Onufri alikuwa analitazamia tangu asubuhi, amchongee wa mbao.

Kulikuwa na haraka. Zilibaki siku sita za likizo ya majeruhi. Kamanda wa kombania yao, ambaye wote walimwita Mwashi kwa kuwa kabla ya vita alikuwa akijenga nyumba, alikuwa amewaambia wazi wale waliotoka hospitali. Watapiga shabaha Ijumaa, risasi thelathini kila mtu. Anayepata ishirini anarudi mstari wa mbele na wenzake. Asiyepata anakwenda ghalani, kilomita arobaini nyuma, kugawa buti na blanketi mpaka vita viishe au yeye aishe. Mwashi hakuwa mtu mbaya. Hakutaka kumpeleka mbele mtu asiyeweza kujitetea, na pia hakuwa na watu.

Basi Tymish alikuwa haongei kingine. Tangu arudi nyumbani ilikuwa ni kufinya mpira wa watoto kutwa nzima, na habari za vijana, vijana wamesema hivi, vijana wananisubiri. Paraska alimsikiliza wiki tatu. Wiki ya nne akaacha kumsikiliza.

Onufri alikuwa na miaka sitini na sita, na arobaini na mitano kati ya hiyo alikuwa akichonga mipini ya mashoka, ya majembe ya theluji, ya visu vya kuchinjia, na masanduku ya maharusi pale panapokuwa na maharusi. Katika ukoo wao mpini haukutengenezwa kwa macho. Mwenye mkono alitakiwa aushike mara tatu. Mara ya kwanza ukiwa kipande cha gogo chenye umbo tu, mara ya pili umechongwa nusu na mkono umechoka baada ya kazi, mara ya tatu umekamilika na mkono umelowa maji, kwa sababu shoka halichagui siku ya jua. Baada ya hapo fundi husema kwa kinywa chake, "Ni wako," na maneno hayo yakishasemwa hakuna tena kuulizana. Mtu akiurudisha amemtukana fundi pamoja na marehemu baba yake aliyemfundisha. Walikuwepo majirani waliopigana mahakamani kwa ajili ya mpaka na bado wakatumia mipini ya Onufri bila neno.

Alichukua kipande cha mti wa peasi kilichokauka miaka tisa darini. Mara ya kwanza Tymish alikishika asubuhi, Onufri akachora kwa penseli kuuzunguka ule mkono, akipita polepole pale ambapo vidole viliishia. Ngozi ya hapo ilikuwa mpya, ya waridi, na ilimtia uchungu kuitazama. Alimpenda kijana huyu. Alikuja uani kwao akiwa dereva wa lori la magogo, akiwa na begi moja na redio mbovu, na tangu siku ya kwanza alimwita baba bila kuambiwa.

Mchana, Tymish alipolala, Paraska aliingia karakana akafunga mlango. Alibaki amesimama, mikono ndani ya aproni.

"Utamaliza lini?"

"Jumatano."

"Utakuwa mzuri?"

Onufri akamwambia kwamba mpini wake haujawahi kuwa mbaya, na yeye analijua hilo, alizaliwa akaukuta.

"Basi huu ufanye mbaya," Paraska akasema.

Onufri aliendelea kunoa kisu kana kwamba hakusikia. Alikuwa amesikia vizuri. Alimwambia atoke. Alimwambia kwamba huyo ni mumewe, si mbuzi wa kufungwa kamba, na kwamba mtu akienda vitani na kitu kibovu mkononi atakufa kwacho.

"Haendi nacho vitani. Anakwenda nacho kwenye shabaha. Atakosa, atapelekwa ghalani, atagawa soksi, atarudi," Paraska akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotaka baba yake iwe. "Mwezi huu nimepiga magoti barabarani mara tatu, baba. Mtoto wa akina Hutsuliak, wa mwalimu wa muziki, na yule wa mwenye kinu. Gari linapita na jeneza, sote tumepiga magoti kwenye matope, na mimi kichwani nahesabu nani anafuata. Wewe ulikuwa umepiga magoti karibu yangu. Ulikuwa unahesabu nini?"

Onufri alikuwa akihesabu vile vile.

"Yeye mwenyewe anataka kwenda," akasema hatimaye.

"Najua anataka. Ndiyo maana sijamwomba yeye. Nakuomba wewe."

Alitoka bila kulia. Kama angelia, pengine mzee angeweza kumkatalia.

Siku mbili Onufri alichonga kwa uaminifu. Alijiambia hajaamua. Jumanne jioni Tymish alitoka kupasua kuni, amechoka, akaushika mara ya pili, na mpini ukaingia mkononi mwake ukakaa. Onufri alikuwa ameacha ukingo mdogo upande wa chini ili kidole cha kati kijiegemeze na kufanya kazi ya vitatu, na nyuma alikuwa amejaza mbao pale palipokosa nyama ya kiganja. Akapiga mtutu kutoka mbele. Haukuzunguka. Akapiga kwa nguvu zaidi, na bado mkono ulikaa.

"Baba," Tymish akasema, "huu hata mfu anaweza kupigia shabaha."

Alikusudia sifa. Onufri alikwenda kulala na maneno hayo, na alipoamka Jumatano alikuwa ameamua. Kisu kilipita mara nne kwenye ule ukingo mdogo. Mara nne tu, unene wa kucha kila mara, kisha akaupiga msasa na kuupaka nta mpaka uwe laini kuliko ulivyotakiwa. Kwa macho mpini ulikuwa ule ule, tena umependeza. Kwa risasi ya kwanza na ya pili ungeshika. Kuanzia ya tatu mkono ungekuwa unateremka kidogo kidogo, na mtu angekosa bila kujua kwa nini. Kwenye bunduki ya darasani hilo lisingeonekana, maana haina teke. Alimaliza kabla ya saa nne asubuhi, akazoa vumbi la mbao akalitupa nyuma ya banda la kuku.

Kushika kwa tatu kulifanyika uani, kwenye beseni. Tymish alichovya mkono, akaushika mpini, akanyanyua bunduki usawa wa mlima. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha aliishusha, akapitisha kidole cha kati kwenye ule ukingo, mara moja kwenda na mara moja kurudi, akamtazama baba mkwe wake. Paraska alikuwa mlangoni. Onufri aliangalia maji kwenye beseni.

"Ni wako," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na mitano maneno hayo kutoka kinywani mwake yakiwa ya uongo, na aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Tymish alifungua skrubu, akaupangusa mpini kwa fulana yake, akautia mfuko wa koti.

"Ahsante, baba," akasema.

Aliondoka Alhamisi. Paraska alimsindikiza hadi kituoni akamfungia skafu shingoni, na hawakusemezana la maana.

Ijumaa ikapita bila habari, na Jumamosi. Onufri hakushika kisu siku hizo mbili. Jumapili, walipokuwa wanatoka kanisani, simu ya Paraska ililia, akaisoma pale pale kwenye ngazi. Risasi tisa kati ya thelathini. Ghalani. Paraska alimkumbatia baba yake mbele ya watu, na wanawake waliokuwa karibu wakadhani wamepata msiba, wakaanza kujipangia kuja. Ilibidi waambiwe.

Mchana huo walikula jibini na uyoga wa akiba, na Onufri akanywa vikombe vitatu vya pombe kali kwa ajili ya afya ya mkwe wake aliyeshindwa. Furaha ile alikuwa nayo kweli, hakuna haja ya kuficha. Aibu ilikuwepo pia, lakini ilikaa pembeni ikangoja zamu yake. Paraska aliimba akiosha vyombo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Agosti.

Ghala lilidumu siku kumi na tisa. Tymish alipiga simu kila jioni kueleza buti namba gani zimeisha na nani kaiba blanketi. Halafu jioni moja akasema mstari wa mbele umepasuka sehemu fulani, kombania imebaki nusu, na Mwashi amepita ghalani, jikoni na kwa madereva akawapakia wote kwenye malori. Hakuulizwa mtu kuhusu shabaha. Aliulizwa kama anaweza kutembea.

Paraska alimuuliza kwa nini hakukataa, kwa nini hakuonyesha mkono wake.

"Aa, bora hivyo," Tymish alisema, kwa ile sauti yake ya utani. "Nilikuwa nimechoka kugawa soksi. Vijana walikuwa wananisubiri."

Paraska akakata simu. Alipoiweka mezani, uso wake ulikuwa umefungwa kama duka lililofilisika. Alimwambia baba yake kwamba sasa basi, amefanya yote, amefanya hata dhambi, na mtu huyo bado amechagua wenzake. Kuanzia jioni hiyo hakupokea simu za mumewe. Ujumbe alikuwa anausoma, kisha anageuza simu kifudifudi, na siku ya pili hata ujumbe ukakoma.

Onufri yeye aliwaza jambo moja tu. Ule mpini uko huko. Mkwe wake amekwenda mbele akiwa na bunduki ambayo kuanzia risasi ya tatu itamponyoka, na hataubadili, kwa sababu ameambiwa ni wake. Alituma ujumbe mara nne, atafute mwingine, wowote. Hakuna ulioonyesha umefika. Usingizi ulimkimbia, na chakula alikigusa kwa heshima ya binti yake tu.

Siku ya tano, kama saa sita mchana, simu ya Paraska ililia jikoni. Alitazama jina, akaitia ndani ya aproni ikaendelea kutetemeka hapo mpaka ikachoka. Dakika moja baadaye ikalia ya Onufri. Alimnyooshea binti yake. Paraska alitikisa kichwa.

"Mwambie niko kwa ng'ombe."

Onufri alikwenda nayo karakana. Sauti ya Tymish ilikuwa karibu sana, kama yuko nyuma ya ukuta, na chini yake watu walikuwa wakifungafunga vitu. Alisema wamepewa dakika chache, baada ya hapo simu zinakusanywa, wanasogea kwenye mahandaki usiku utakapoingia. Akamuulizia Paraska. Onufri akasema yuko kwa ng'ombe, na Tymish akasema haya.

Hapo mzee hakuweza tena. Alimwambia autoe ule mpini sasa hivi, autupe, aazime mwingine kwa mtu. Alimwambia kwamba aliuharibu kwa makusudi, kwa kisu chake, mara nne, na kwamba asimlaumu Paraska, mkono ulikuwa wake.

"Nimeshautoa, baba," Tymish akasema. "Siku tulipopandishwa lori. Nimerudisha ule wa kiwandani nikaufunga bendeji, ni mbaya lakini unashika. Wako tumechemshia chai. Umewaka vizuri, vijana wamekusifu."

Onufri akakaa kwenye gogo.

"Uligundua kwenye shabaha?"

"Niligundua kwenye beseni. Jumanne kidole kilikuwa na mahali pa kukaa, Jumatano hakina. Unadhani mkono wangu ni mpumbavu?"

"Sasa kwa nini uliupokea?"

Upande ule Tymish alimwambia mtu asubiri kidogo. Kisha akaanza kusema, haraka, bila utani wowote, na mzee alitambua kwamba hajawahi kumsikia akisema hivyo.

"Kwa sababu sikutaka kurudi, baba. Sikutaka hata kidogo. Nilikuwa nafinya ule mpira na kuongea habari za vijana ili nijisikie mwenyewe, maana ningenyamaza ningeng'ang'ania nguzo ya mlango wenu mniondoe kwa shoka. Lakini kukosa shabaha kwa makusudi sikuweza. Wenzangu wamesimama pale, wanaangalia, wengine hawana miguu. Mkono ungekataa. Nilihitaji kitu kinikoseshe. Ukanipa. Risasi ya kumi Mwashi akaniambia badili bunduki, jaribu hii yangu. Nikamwambia siwezi, kwetu ni mwiko, mpini wa baba mkwe haukataliwi. Akaniheshimu, mpuuzi yule. Akaandika tisa."

Onufri alipangusa uso kwa mkono wa shati. Alikuwa akilia, na hakujali.

"Usimwambie Paraska," Tymish akasema.

"Kwa nini? Mke wako anakufa kwa hasira humu ndani. Anadhani umewachagua hao."

"Mwache adhani. Akijua nilitaka kubaki ataniambia nitoroke. Na akiniambia nitatoroka, baba, leo hii, na watanikamata njiani. Akikasirika angalau mimi nakwenda mbele nikiwa na akili moja. Nikirudi nitamwambia mwenyewe. Niahidi."

Onufri akaahidi. Upande ule mtu alisema simu, simu, na Tymish akamuaga kwa jina la baba, kama siku zote.

Siku kumi na moja baadaye gari dogo la kijani lilisimama getini, wakashuka askari wawili, mmoja mwanamke mwenye faili. Hawakuwa na jeneza. Walisema hajulikani alipo. Handaki lilipigwa, watu sita walikuwemo, wawili wametambuliwa, na eneo hilo kwa sasa liko mikononi mwa adui. Yule mwanamke alieleza kuhusu fomu na vipimo vya damu vya ndugu, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kueleza hivyo mara tano siku hiyo. Paraska alisaini kila alipoonyeshwa. Aliwapa maziwa.

Majirani walikuja wakapungua. Wengine walisema hajulikani alipo ni afadhali, watu hurudi, kuna mateka hubadilishwa. Walisema vizuri na hawakuamini. Paraska hakuvaa nyeusi na hakulia mbele ya mtu. Alikuwa na hasira, na hasira ilimwamsha asubuhi, ikamkamulia ng'ombe, ikamfulia, ikamlisha. Aliwajibu wote sentensi moja ile ile, kwamba alikwenda mwenyewe kwa kupenda kwake. Aliwaambia kanisani, aliwaambia dukani. Onufri alikuwepo kila mara, akiinamisha kichwa, akiitunza ahadi yake.

Mwezi mmoja tangu habari hiyo ulipokuwa unaisha, Paraska alianza kutoa nguo za mumewe kabatini. Hakuzifungia sandukuni. Alikuwa akizikunja za kuwapa wakimbizi walioko shuleni, mashati mazuri, hata lile la kudarizi la harusi.

"Hilo liache," Onufri akasema.

"La nini? Yeye aliacha vingapi?" Alilikunja mikono kwanza, kisha kola. "Sote wawili tuliuza roho zetu kwa shetani kumbakisha, baba. Akatupita katikati akaenda zake, anacheka. Nilimpenda kuliko alivyonipenda, basi. Mwanamke akishalijua hilo anaweza kuishi."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya unga. Na Onufri aliona kwamba ni kweli, angeweza kuishi. Hasira ile ingemfikisha uzee. Pengine angeolewa tena, na mtu mwenye akili angemwacha hivyo hivyo. Lakini kijana alikuwa ametendewa uongo na kila mtu aliyempenda, na huu ulikuwa wa mwisho, na ni yeye Onufri peke yake aliyekuwa anaulinda. Hakuweza.

"Hakutaka kwenda," akasema.

Paraska hakuacha kukunja.

"Alijua mpini ni mbovu. Alijua siku ile ile, uani, kwenye beseni. Aliupokea kwa sababu alitaka kukosa. Alitaka kubaki na wewe, mwanangu. Yale ya vijana yote alikuwa anaigiza. Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake, akaniapisha nisikwambie, kwa sababu alisema ukimwambia atoroke atatoroka."

Mikono ya Paraska ilisimama juu ya shati. Alimwomba arudie, na baba yake akarudia, polepole, neno kwa neno kama alivyolisikia, pamoja na ile habari ya kung'ang'ania nguzo ya mlango. Alidhani, mzee wa watu, kwamba anampa kitu. Alimtazama usoni akingojea kile kitu kifike.

"Alikwambia lini?" Paraska akauliza.

Onufri alifungua mdomo, na hapo tu ndipo alipoelewa alichokifanya. Angeweza kudanganya, alikuwa amekwisha kujifunza. Lakini alichelewa, na kuchelewa kwake kulitosha.

"Ni siku ile," Paraska akasema. "Mimi nilipigiwa kwanza, nikaitia simu ndani ya aproni."

Paraska alilikunjua shati la harusi, akalilaza kitandani, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja, upande mmoja, kisha wa pili. Aliendelea kulinyoosha hata lilipokwisha kunyooka. Onufri aliita jina lake. Paraska alichukua ndoo akatoka kwenda kwa ng'ombe, ingawa walikuwa wamekwisha kukamuliwa, na hakurudi ndani mpaka baridi ilipomrudisha.